Kofia Ishirini na Tisa za Bonde la Kalkani

Si zamani, na wala si mbali kama ambavyo tungependa iwe, palikuwa na nchi juu sana milimani ambako hewa ni nyepesi, viazi ni vitamu, na serikali ni nzito. Watu wa nchi hiyo walivaa kofia. Hawakuvaa kwa ajili ya jua tu wala baridi tu. Kofia ya mtu ilisema ametoka bonde gani, ana mke au hana, amefiwa au hajafiwa. Ukikutana na mgeni njiani hukuwa na haja ya kumuuliza neno. Unamtazama kichwani, unamjua, unamsalimu inavyompasa, mnapishana.

Serikali ilipendezwa mno na desturi hiyo. Ikaunda Wizara ya Kofia na Mwenendo wa Vichwa, ikatunga sheria yenye vifungu mia mbili na kumi, ikachapisha madaftari na fomu. Rais mwenyewe, asije akaonekana anapendelea upande, alifumiwa kofia yenye rangi za mabonde yote sitini na mawili. Ilikuwa pana hata milango ya Ikulu ikabomolewa na kujengwa upya. Inasemekana mawaziri wawili waliozoea kukaa karibu naye hawakuonekana kwa miezi mitatu, na walipotafutwa walikutwa chini ya ukingo wa kofia hiyo, wangali wanaunga mkono hoja.

Katika wizara hiyo alifanya kazi Nemesio Wallpa, Mkaguzi wa Kofia wa Daraja la Pili, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwangalifu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote ghorofani kwake. Akishika kofia akiwa amefumba macho aliweza kukutajia bonde, umri wa mfumaji, na kama siku ile ya kufuma mfumaji alikuwa na furaha. Kazi yake aliipenda na serikali yake aliiamini. Semina alizihudhuria kumi na saba, na kumbukumbu ya kila moja alikuwa nayo katika jalada.

Asubuhi moja Mkurugenzi wake, Dokta Belisario Untiveros, alimwita ofisini akamfungia mlango.

"Bonde la Kalkani unalifahamu?"

"Kofia nyekundu, mkuu. Ndege kwenye paji. Mke humfumia mume kabla ya harusi na kuchanganya unywele wake mmoja kwenye uzi. Hazifanani mbili."

"Vizuri. Huko kuna wanawake ishirini na tisa waliovaa kofia nyeusi za ujane. Nimepekua kumbukumbu zetu zote. Hakuna kifo hata kimoja kilichosajiliwa Kalkani kwa miaka miwili. Huo ni uvaaji wa uongo, kifungu cha sabini na moja. Nenda ukawavue."

"Waume zao wako wapi, mkuu?"

"Wako semina."

Mkurugenzi alieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Miaka miwili nyuma wanaume ishirini na tisa wa Kalkani waliteremka mjini kuuliza kwa nini mto wao umegeuzwa kwenda kwenye chemchemi ya bustani ya Ikulu. Walipokewa vizuri, wakapewa chai, na papo hapo wakaalikwa kwenye semina kuhusu maji. Semina bado inaendelea. Kila mwezi wake zao hupelekewa barua yenye muhuri inayosema mume wako hajambo na anashiriki kikamilifu.

"Semina ya miaka miwili, mkuu?"

"Maji ni mada pana," alisema Mkurugenzi.

*

Nemesio alipanda lori hadi mahali dereva alipokataa kuendelea, akamalizia kwa miguu ndani ya ukungu. Alipofika alikuta wanawake wakilima, wakichunga, wakiezeka paa, na kila mmoja kichwani alikuwa na kofia nyeusi, ukingo wa mbele umeshushwa hadi kwenye nyusi. Walimsalimu kwa adabu. Hakuna aliyeuliza amefuata nini.

Aliyempokea ni Saturnina Kispe, mama wa miaka hamsini hivi, mfumaji, aliyekuwa akishikilia uenyekiti wa kijiji mahali pa mumewe, Lino Kondori. Alimpa chumba, akampa supu ya viazi, akamwambia, "Bwana Mkaguzi, mchana huu tuna mkutano. Njoo utukague sote kwa pamoja, usihangaike kupita nyumba hadi nyumba."

Ukumbi wa mkutano ulikuwa wa udongo, na ndani yake benchi moja refu limeegemea ukuta. Juu ya benchi zilipangwa kofia nyekundu ishirini na tisa, moja moja, kwa nafasi ya mabega ya mtu. Wanawake walikaa chini upande wa pili, wakizielekea.

"Sheria ya serikali inasema mkutano wa kijiji si halali bila wenye kaya ishirini na tisa," Saturnina alieleza. "Hatutaki kuvunja sheria."

Kisha akafungua daftari akaanza kuita majina. Kila jina lilipotajwa mwanamke mmoja alijibu, "Kofia yake ipo." Lilipofika la Lino Kondori, Saturnina alilitaja mwenyewe, akajijibu mwenyewe kwa sauti ile ile. Walijadili mbegu. Walijadili mtaro wa maji uliokauka. Kila walipofikia uamuzi walinyamaza wote na kulitazama benchi, kwa muda ambao mtu angehitaji kufikiri na kukubali, kisha wakaendelea. Nemesio, aliyekuwa amewekewa kigoda karibu na benchi, alijikuta anavuta miguu yake ndani asije akamkanyaga mtu.

Mkutano ulipokwisha aliomba kuzikagua kofia. Alianza na ya kwanza. Sufu nzuri, mfumaji kijana, alifuma akiwa na furaha. Aliigeuza nyuma, akakuta kiraka kidogo, kipya, cha mviringo, juu kidogo ya kisogo. Akachukua ya pili. Kiraka kilikuwa pale pale. Ya tatu, pale pale. Alipofika ya kumi na moja mikono yake ilikuwa imeanza kujua kabla hajaigeuza.

"Bwana Mkaguzi ni mtaalamu," Saturnina alisema nyuma yake. "Kofia huchakaa hivyo?"

Nemesio alifungua daftari lake na kuandika kwa mwandiko wake mzuri: *Uchakavu wa aina moja. Sababu haijulikani.* Aliyatazama maneno hayo yakikauka.

"Mlizipata wapi?"

"Mimi nilizipata. Nilikwenda mjini kumwona mume wangu huko semina. Nikaambiwa wako kwenye majadiliano ya makundi, wasisumbuliwe. Nilikaa langoni siku nne. Siku ya tano nikarudi kwa kupita soko la mitumba, nikaona rundo jekundu. Niliijua yangu kwa mbali. Nikamwachia muuzaji shali yangu, akanifungia zote kwenye gunia. Hakujua ni za nini. Alidhani ni za wacheza ngoma."

"Na viraka?"

"Hatukuweza kuziacha vile," alisema Saturnina. "Baridi ingeingia."

*

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya mlima, Nemesio alimpigia Mkurugenzi kwa redio ya upepo ya kijiji. Alieleza habari za kofia. Habari za viraka alizieleza pia, kwa lugha ya kitaalamu.

"Usiandike kitu," Mkurugenzi alisema. "Umesema tatizo lao ni kwamba wana kofia lakini hawana waume?"

"Unaweza kusema hivyo, mkuu."

"Basi ni tatizo la ugavi. Kaa hapo hapo."

Alikaa siku tisa. Wanawake hawakumfanyia ubaya wowote, na hilo ndilo lililomtesa. Asubuhi walimpa supu, wakamuuliza kama amelala vizuri, wakamwacha. Kila adhuhuri, jua likitoka kidogo, walizitoa zile kofia nje na kuzianika juu ya ukuta wa mawe unaozunguka zizi. Siku ya pili Nemesio alikuwa akirudi kutoka kisimani ukungu ukashuka ghafla. Mbele yake, nyuma ya ukuta, aliona wanaume wameketi safu moja, wamempa mgongo, vichwa tu vinaonekana. Akafurahi kwa kweli. Akasema moyoni, semina imekwisha. Aliwasalimu kwa heshima. Hawakuitikia. Akawasalimu tena kwa sauti zaidi, na ndipo upepo ulipoinua kofia moja na chini yake pakaonekana jiwe.

Siku ya tatu alipita tena hapo. Hakukuwa na ukungu, na alijua vizuri anachokiona. Aliwasalimu hata hivyo.

*

Siku ya kumi yalifika malori mawili na gari la Mkurugenzi. Wanawake waliitwa uwanjani. Wakateremka kutoka malorini wanaume ishirini na tisa, wembamba na wanene, wengine vijana mno, mmoja ana kikohozi, wote wamevaa kofia nyekundu mpya zilizonuka mafuta ya mashine. Ndege wa Kalkani, ambaye kila mke humfuma akiwa anaruka, kwenye kofia hizi alikuwa amechapishwa miguu juu.

Dokta Untiveros alipanda juu ya kreti.

"Wananchi wa Kalkani," alisema, "serikali yenu sikivu haichukui. Serikali huazima, na leo inarejesha. Waume zenu wamehitimu. Mkiona sura zimebadilika, msishangae, elimu humbadilisha mtu. Mkiona kimo kimepungua au kimeongezeka, hiyo ni lishe. Na kama mume wako hakumbuki jina lako, usimlaumu. Kichwa kilichobeba mambo ya maji kwa miaka miwili hakina nafasi ya mambo madogo madogo. Naomba muwapokee, na kofia nyeusi zivuliwe, kwa sababu nchi hii haina wajane wasio na kibali."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyepiga kelele. Majina yakasomwa, na kila jina lilipotajwa mwanamume mmoja alisogea mbele akasimama mbele ya mwanamke mmoja. Wakatazamana. Baadhi ya wanaume waliinamisha macho yao chini. Kisha wanawake, mmoja mmoja, waligeuka kuelekea majumbani, na wale wanaume wakawafuata, kwa sababu baridi ilikuwa kali na hawakuwa na pengine pa kwenda.

Mkurugenzi alimwita Nemesio kando.

"Saa kumi na nusu nataka hati ishirini na tisa za utambuzi, zimesainiwa na mtaalamu wa kofia. Mtaalamu ni wewe. Ukimaliza, Daraja la Kwanza linakusubiri." Akaingia kwenye gari lake lenye kipasha joto, akapandisha vioo.

*

Nemesio alirudi nyumbani kwa Saturnina kuchukua fomu zake. Mle jikoni alimkuta mwanamume aliyegawiwa nyumba hiyo ameketi kwenye ukingo wa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa hospitalini. Alikuwa na vidole virefu vyenye makovu madogo madogo. Saturnina alimwekea supu, akamwekea Nemesio pia, naye akakaa.

"Unaitwa nani?" aliuliza.

"Lino Kondori, mama."

"Lino Kondori ni mume wangu. Hakuwahi kuniita mama."

Mwanamume alijikunja. "Nisamehe. Upande huo hawakutufundisha."

"Kabla hujawa Lino, ulikuwa nani?"

Alimtazama Nemesio na kofia yake ya kiserikali. Nemesio alitazama ndani ya supu.

"Nilikuwa natengeneza miavuli, karibu na stesheni ya mjini," mwanamume alisema polepole. "Walikuja na kipaza sauti wakasema wanahitaji wanaume wenye vichwa vya ukubwa wa wastani. Wakatupima kwa kamba. Wakasema ni kazi ya kudumu, chakula juu yao na nyumba juu yao. Hawakusema ni nyumba ya mtu."

"Na viatu hivyo?"

Miguuni alivaa katambuga, vile viatu vya tairi wanavyovaa wakulima wa kule juu.

"Vya ghalani. Tuliambiwa kila mtu achague vinavyomtosha. Ni vizuri, vimekwisha kuzoea mguu."

"Viko vingi huko?"

"Vingi sana, mama. Chumba kizima, mpaka kwenye dari."

Saturnina alipiga magoti sakafuni. Aliushika mkanda wa kiatu cha kushoto, uliokuwa umeungwa kwa uzi wa sufu ya kijani wenye mafundo matatu, na akaupitishia kidole taratibu, fundo kwa fundo.

"Huu niliufunga mimi," alisema. "Ulikatika asubuhi ile ile ya safari. Alitaka kwenda hivyo hivyo, nikamwambia ngoja."

Mwanamume alikuwa bado na kijiko mkononi. Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa aliweka kijiko chini, akainama na kuanza kuvua viatu.

"Vaa tu," Saturnina alimwambia, akimzuia mkono. "Sakafu ni baridi."

Nemesio hakula tena. *Mpaka kwenye dari*, alikuwa akifikiri. Jozi ishirini na tisa hazifiki hata kwenye goti. Akazikumbuka semina zake kumi na saba, chai na biskuti, na akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kulitia maanani: kwamba katika karibu kila semina alikuwapo mtu mmoja aliyeuliza swali refu siku ya kwanza, na siku ya pili kiti chake kilikuwa kimekwisha kuondolewa na vingine kusogezwa, ili safu isionekane na pengo. Na yeye, Nemesio, alikuwa amefurahia nafasi ya kunyoosha miguu.

*

Alikwenda ukumbini, akaweka meza mbele ya lile benchi, akapanga mihuri. Alikuwa na saa mbili. Alichukua hati ya kwanza ya utambuzi. Chini yake, kwa maandishi madogo ambayo alikuwa ameyaona mara elfu bila kuyasoma, paliandikwa kwamba kwa mujibu wa kifungu cha themanini na nane hakuna mwanamume mwenye mke atakayetambuliwa kwa kofia mpya kabla daftari halijaonyesha sababu ya ile ya kwanza kutoka kichwani. Akafungua daftari. Kwenye safu ya sababu wizara ilikuwa imechapisha maneno mawili tu: *talaka*, *kifo*. Aligeuza ukurasa, akatazama nyuma ya jalada. Semina haikuwamo.

Alisoma tena tangu juu, polepole, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwake. Kisha akatoka mlangoni akawaita wanawake.

Walikuja wote na kupanga foleni. Wa kwanza alikuwa Saturnina.

"Jina la mwenye kofia?" Nemesio aliuliza.

"Lino Kondori."

"Sababu ya kofia kutoka kichwani. Sheria inakubali mbili. Talaka au kifo?"

Kwa miaka miwili walikuwa wameandikiwa barua, wamehutubiwa, wameonywa. Mtu mwenye muhuri hakuwahi kuwauliza.

"Kifo," alisema Saturnina.

Nemesio aliandika neno hilo bila kulifupisha. Mahali pa tarehe ya kifo akaandika tarehe ya barua ya kwanza ya semina. Akatoa kibali cha kofia nyeusi, akakipiga muhuri, akampa kwa mikono miwili. Saturnina alikitazama, akakikunja mara nne, akakiingiza ndani ya ukanda wa kofia yake.

Wakafuata wengine. Jina, sababu, muhuri. Mmoja alilisema neno kwa hasira, mwingine kwa sauti ndogo mno hata ikabidi alirudie. Msichana mmoja, aliyeolewa wiki tatu tu kabla ya safari ile, alikipokea kibali akasimama pale pale.

"Sijui kusoma, Bwana Mkaguzi. Nisomee."

Alimsomea. Alisoma jina la mumewe, bonde, hali, sababu. Msichana aliitikia kwa kichwa kila neno. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi, kando ya kofia moja, na hapo akalia, na wanawake waliokuwa kwenye foleni walimwacha alie. Ndiye aliyekuwa bado hajalia tangu mwanzo, Saturnina alisema, kwa sababu alikuwa akizisadiki barua.

Ilipofika saa kumi kasorobo alikuwa ameandika ishirini na tisa. Mkono ulikuwa unamuuma. Alidhani amemaliza, lakini alipoinua kichwa foleni ilikuwa bado inaendelea hadi nje ya mlango. Walikuwa wale wanaume. Kofia zao za kiwandani wamezishika mikononi.

Wa kwanza alikuwa mtengeneza miavuli.

"Mimi sina kofia ya kuandikisha," alisema. "Hizi si zetu. Lakini ghalani walinisainisha karatasi kwamba mimi ni Lino Kondori, na sasa umeandika kwamba Lino Kondori amekufa. Hakuna karatasi yoyote iliyobaki na jina langu. Naitwa Tiburcio Sirpa. Nilikuwa nataka kuomba, kama si usumbufu, uandike mahali kwamba nipo hai."

Daftari halikuwa na safu ya namna hiyo. Nemesio aligeuza hadi ukurasa mtupu wa mwisho, akachora mistari kwa rula, na juu yake akaandika kwa mkono: *Walio hai*. Chini yake akaandika Tiburcio Sirpa, mtengeneza miavuli, Kalkani, tarehe ya leo. Tiburcio aliinama kuangalia, akafuata herufi kwa kidole bila kuzigusa, akashukuru, akampisha mwenzake. Akaja mwokaji mikate. Akaja kijana aliyekuwa kipofu wa jicho moja. Akaja yule mwenye kikohozi, aliyetaka na majina ya watoto wake yaandikwe kando ya lake, ili ijulikane ni baba yao.

Wa mwisho alipoondoka, Saturnina alikuwa bado amesimama kando ya meza. Alikuwa akitazama nje, kule lilikoegeshwa gari la Mkurugenzi.

"Jiandike na wewe, mwanangu," alisema.

Nemesio alimtazama.

"Mstari mmoja umebaki. Jiandike, nasi wote tuone."

Wanawake walikuwa wamesogea, na wale wanaume nyuma yao, wameizunguka meza. Nje mlango wa gari ulifunguliwa, ukafungwa, na hatua zikaanza kuja juu ya kokoto bila haraka yoyote. Nemesio alishika kalamu. Aliandika jina lake kamili, la baba yake na la mama yake, jinsi alivyoandikwa siku aliyozaliwa. Mbele ya jina hilo akaandika: *hai*. Akatazama saa yake, akaandika na saa.